Kiti cha Mlinzi wa Ukumbi wa Pili

Miaka ishirini na sita mlinzi wa ukumbi wa pili wa makumbusho alikaa kwenye kiti kilekile, akifuma soksi juu ya magoti yake mabovu, na kila aliyesogelea vyungu vya kale alimwambia, "Usiguse, mwanangu, macho yanatosha." Sasa vyungu vimepelekwa Sofia, mji mkuu, makumbusho yamegeuzwa nyumba ya sanaa ya kisasa, na siku ya ufunguzi alikikuta kiti chake katikati ya ukumbi, juu ya jukwaa, kimezungushiwa kamba.

"Si ulikubali, shangazi?" akasema mkurugenzi, Radka. "Msanii wetu Mholanzi anasema alipokuomba kiti, ulitikisa kichwa juu chini."

"Kwetu Wabulgaria hiyo ni hapana! Hukumwambia? Haya, niletee kingine."

"Kiti kingine kitaharibu maonyesho. Leo simama tu."

Akasimama saa nzima, haelewi analinda nini wala dhidi ya nani. Wageni walikitazama kiti, wakashika videvu, wakanong'ona. Magoti yalipogoma, akavuka kamba, akakaa, akatoa soksi yake mkobani, akaendelea kufuma. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Yule msanii wa Kiholanzi akaja mbio, akanyoosha mkono amwinue.

"Usiguse, mwanangu," akamwambia bila kuinua macho. "Macho yanatosha."