Kochi Langu Lilinifungia Chumbani Siku Mama Mkwe Alipokuja

Nimekosa, na sitafuti wa kumlaumu. Naandika haya nikiwa nimeketi juu ya kosa lenyewe, kwa sababu sebuleni mwangu hakuna mahali pengine pa kuketi.

Mimi ni Mluhya, naishi Kimumu hapa Eldoret, na ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nilipooa tulikuwa na godoro na viti viwili vya plastiki. Mke wangu Nekesa hakulalamika. Lakini mama yake alisema neno moja lililonikaa kooni miaka yote: kwamba atakuja kututembelea tukishapata mahali pa kukaa.

Mahali pa kukaa! Nilijua nimedharauliwa. Nikaapa moyoni kwamba siku mama huyo atakapokanyaga kwangu, atakaa mpaka asahau njia ya kwao.

Basi bosi wangu akanituma nimpelekee mikebe ya rangi nyumbani kwake Elgon View, mtaa wa matajiri. Nikachungulia sebuleni, nikaduwaa. Kochi lake halikuegemea ukuta kama makochi ya watu wengine. Lilikuwa katikati ya chumba, limekunja kona, upande mmoja mrefu wa kulaza miguu, na nyuma yake watoto wanapita wakikimbizana. Nilirudi kazini nikiwa mgonjwa wa kochi.

Nikamtafuta fundi anitengenezee kama lile. Sikumpa vipimo vya sebule yangu. Nilimpa picha. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia, na wewe unayesoma, naomba usicheke bado.

Kochi lilikataa kuingia. Tuling'oa mlango pamoja na fremu yake, tukalisukuma ndani kwa kelele nyingi, kisha nikamwita fundi wa kuchomelea aweke mlango mpya wa chuma. Mlango mzuri, imara, na mwembamba kuliko ule wa kwanza. Hata hilo nililisifu.

Sasa, sebule yangu si ya Elgon View. Kochi lilipokaa katikati, vitu vingine vyote vilibanwa pembeni kama watu waliochelewa kanisani. Meza ya kioo ilikuwa inagusa magoti ya kila aliyeketi. Ule upande wa kulaza miguu ulifika karibu kabisa na mlango wa chumba cha kulala, na ili utoke chumbani ilibidi upite kiubavu, tumbo umelivuta ndani, mguu mmoja juu juu. Choo nacho kiko papo hapo, kimepakana na chumba.

Nekesa aliniomba tulisukume ukutani. Nikamwambia hajui mitindo. Vile viti vya plastiki nikampa jirani yetu Mama Wambui, ambaye kiduka chake kiko nyuma ya nyumba, karibu na dirisha la chumba chetu. Nilimwambia sitaki kuviona tena. Jamani, maringo haya!

Halafu mama mkwe akatuma habari kwamba anakuja Jumamosi.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hawapeani mkono, hawakai karibu, hawapitani mahali pembamba. Mkigusana, hata kwa bahati mbaya, ni aibu itakayosimuliwa kwenye kila mazishi mtakayohudhuria. Kwa hivyo nilijipanga vizuri: nisimame nje, nimsalimie kwa mbali, kisha nikae jikoni kwenye stuli huku yeye akilifurahia kochi.

Mvua ikawafukuza, wakafika mapema. Nilikuwa chumbani nafunga tai. Nikasikia hodi, nikasikia Nekesa akiwakaribisha mama yake na shangazi zake wawili. Na mashangazi, kwa heshima zao, wakampa mama pale mahali pazuri kuliko pote, upande wa kulaza miguu.

Nilipofungua mlango kidogo, kitu cha kwanza nilichoona ni kisigino cha mama mkwe wangu.

Niliufunga polepole kama mwizi. Dirisha lina vyuma, nilivitia mimi mwenyewe. Kupita sebuleni ilikuwa ni kuvuka miguu ya mama mkwe, na kumwomba ainuke ilikuwa ni kukiri kwamba mkwe wake amesimama nyuma yake akihema. Nikasikia Nekesa akiwaambia nimeenda kununua soda. Nikaketi kitandani na tai yangu.

Wakaomba. Shangazi mkubwa aliombea hadi ng'ombe. Chakula kikaletwa, harufu ya kuku ikapita chini ya mlango ikanikuta sijala tangu asubuhi. Baada ya muda shangazi yuleyule akauliza kama hizo soda zinatoka Kisumu, akamwamuru Nekesa anipigie simu.

Nekesa wangu alidhani nimeinyamazisha. Sikuwa nimeinyamazisha! Pambio la kanisani nililoliweka kuwa mlio wa simu likalia mfukoni mwangu kwa sauti yake yote. Nikaibana tumboni, nikaikalia, nikaifunika mto, ikaendelea kumsifu Mungu tu. Nje, Nekesa akasema kwa sauti nyembamba kwamba nimesahau simu nyumbani.

Wangeweza kuamini. Lakini mto ule ulikuwa na vumbi, nikapiga chafya. Na simu, ndugu zangu, haipigi chafya.

 Kisha nikasikia mama mkwe akiomba meza isogezwe, mashangazi wakipishana, ule mlango wangu wa chuma ukifunguka. Ameondoka. Nililia, sifichi. Miaka yote hiyo nilimngoja mama huyu aone kwamba binti yake hakukosea, na alichokiona ni mwanamume anayejificha chumbani kwake.

Mvua ilikuwa imekatika, nami nilikuwa bado najifuta macho niliposikia kiti kikiburutwa nje ya dirisha. Mama Wambui alikuwa akimkaribisha mtu aketi. Nikachungulia. Mama mkwe aliketi, akanipa mgongo, akatazama barabarani.

"Mulembe, mkwe," akanisalimu kwa Kiluhya.

"Mulembe, Mama," nikajibu kupitia vyuma vya dirisha, nami nimeligeukia kabati.

Akaniambia kwa utaratibu kwamba aliviona viatu vyangu mlangoni tangu alipoingia, akajua niko ndani. Angetoka anipishe, lakini meza ilikuwa imembana magoti na shangazi amembana ubavu. Tena alitaka choo tangu wakati wa maombi, akaogopa kukisogelea maana angekutana nami mlangoni. Ndiyo maana alipotoka alimkimbilia Mama Wambui kwanza kuomba choo. Kumbe tulikuwa wafungwa wawili, kila mmoja akimheshimu mwenzake mpaka anaumia!

Nikamwambia nisamehe Mama, nilitaka tu upate mahali pa kukaa.

Akaniuliza, "Vile viti viwili vya plastiki Nekesa aliniambia mko navyo, vilienda wapi?"

Nikajifanya nanyoosha tai.

"Nilingoja mpate vya kutosha wageni," akasema. "Kimoja mimi nikae huku, kingine wewe ukae kule, na wengine wapate pao. Tuongee. Ni hayo tu nilimaanisha."

"Mama," nikasema, "hicho umekikalia."

Alicheka mpaka Mama Wambui akatoka dukani kuuliza kuna nini. Nikacheka pia, nikilia, nikiwa na njaa. Mashangazi walikuwa bado wameziba njia sebuleni, kwa hivyo Nekesa alinipitishia kipaja cha kuku dirishani.

Lakini gharama yake ninailipa hadi leo. Mama mkwe alisema hataingia tena kwangu mpaka kochi litoke. Na kochi haliwezi kutoka, kwa sababu mlango ni ule mpya.

Wewe unayepanga nyumba yako, nakuomba. Kabla ya kuchagua rangi ya kitambaa, tembea humo ndani na ujiulize nani atapita wapi, na mama mkwe akiwa ameketi wapi. Wacha picha za nyumba za watu. Na usigawe viti vyako vya plastiki. Mimi nilimwomba Mama Wambui anirudishie, akakataa. Anasema wateja wake wamevizoea, hasa mama mmoja Mluhya anayekuja kila mwezi, anakaa pale nje, anaongea na dirisha.