Siku Niliyoenda Bunda Kumsemea Binti Yangu

Mimi darasani niliingiaga mara moja tu, kumtoa mbuzi wetu aliyekuwa anakula chaki. Yule mbuzi alikaa mle muda mrefu kuliko mimi, na mpaka tunamchinja alikuwa analia kwa herufi kubwa. Ndiyo maana binti yangu alipomaliza chuo kikuu Dar es Salaam, sikuwa na akili ya kuelewa amemaliza nini.

Ninaye huyo huyo mmoja. Mama yake alishafariki, akatuacha wawili hapa Makoko, Musoma, kwenye nyumba ya vyumba vitatu, ambayo ukikaa peke yako inakuwa na vyumba thelathini. Mimi namwitaga mama, kwa sababu amebeba jina la mama yangu. Miaka yote ya chuo nilikuwa naanika dagaa ufukweni Mwigobero huku nawatangazia wenzangu kwamba anasomea ujaji. Wiki inayofuata anasomea urubani. Aliporudi na digrii ya falsafa na historia, wanawake wa dagaa wakawa wanaangalia juu kutafuta ndege.

Alijitahidi kunielewesha. Alisema digrii kama yake haina mlango mmoja. Rafiki yake mmoja yuko redioni anasoma taarifa, mwingine karudi chuo kusoma sheria, mwingine anauza bima Mwanza, na yeye anafikiria masta. Nikauliza masta ni kitu gani. Akasema ni kusoma yale yale lakini kwa kina. Nikamwambia mama, hapa kwetu mtu akizidi kwenda kwenye kina huwa tunamtafuta na mitumbwi. Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Nilipenda sana kumchekesha, maana nyumba ilikuwa inajaa.

Siku moja tukaenda Butiama kumsalimia bibi yake, mzaa mama yake. Bibi akataka kujua kama mjukuu atamtibu goti. Hapana. Basi atapima shamba, maana jirani kasogeza mpaka? Hapana. Sasa huyu mtoto anafanyaga nini? Binti akamjibu kwamba anasoma namna watu wa zamani walivyofikiri.

"Mimi si ndiyo wa zamani," bibi akasema. "Mbona hujaniuliza?"

Akamuuliza. Wakakaa jikoni tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi, bibi anasimulia walivyokuwa wanaamua nani apewe shamba na nani anyimwe, na aliyeonewa alilalamika kwa nani. Mimi nikabaki uani na kuku. Sijawahi kunyamaza muda mrefu hivyo tangu nizaliwe, hata kuku walikuja kuniangalia kama nimekufa. Binti alipotoka nikaona uso wake, na hapo ndipo nikaogopa. Miguu ilikuwa bado Butiama, uso ulishaondoka.

Kumbe chuo kilishamkubali kwa hiyo masta, na ada kinamlipia. Alikuwa anaogopa kuniambia. Lakini kulikuwa na shule moja ya binafsi Bunda inatafuta mwalimu wa historia, na Bunda ni hapo tu, ukipiga chafya Musoma wa Bunda anakupa pole. Nikamwambia, mama, ukifundisha Bunda Jumamosi unakuja tunakula wote. Akasema, "Sawa baba. Nikipata Bunda, siendi."

Sasa kwetu mtu hajisemei. Ukienda kuomba mke, au kiwanja, au ng'ombe wa maziwa, anaenda mkubwa wako na kitu mkononi, yeye ndiye anakusifia, wewe unaangalia chini. Kwa hiyo siku ya intavyuu nikavaa koti la harusi yangu, nikabeba ndoo ya dagaa na sato wawili wa kukausha. Binti aliniambia stendi kwamba watu wanaendaga peke yao. Nikamjibu ndiyo maana wengi hawapati kazi.

Mkuu wa shule alikuwa mwanaume mpole wa miwani. Akatukaribisha, akamuuliza binti swali, nikajibu mimi. Nilimwambia huyu mtoto alimaliza vitabu vya chuo mpaka wakaanza kumwazima vya chuo cha jirani. Walimu wake walikuwa wanapiga hodi kwake kuuliza kama somo la kesho liko sawa. Juzi tu kaongea na bibi yake mpaka bibi akakumbuka siku aliyozaliwa. Mkuu akavua miwani akawa anafuta machozi ya kicheko. Halafu akageuka kwa binti, akamuuliza huyo bibi alisema nini hasa.

Binti akamweleza. Nilielewa kama nusu. Lakini aliongea vile mkuu akasahau kurudisha miwani usoni, na mimi nikasahau kudakia.

Mwishoni mkuu akauliza kama kuna chuo kimemwita. Binti akaangalia chini, vile vile nilivyomfundisha. Ikabidi nijibu mimi. Mdomo wangu ulikuwa bado kwenye kusifia, ukaenda wenyewe. "Kimemwita," nikasema kwa kifua mbele. "Na ada kinalipa."

"Mzee wangu," mkuu akasema taratibu, "nikimfungia hapa mtoto kama huyu, utakuja kunilaumu. Mpeleke akasome."

Sato mmoja akanirudishia. Dagaa alibaki nao.

Tukiwa stendi ya Bunda binti akaniuliza, "Baba, ulifanya makusudi?" Nikamwambia makusudi kabisa, nilishapanga tangu ananyonya. Akashika mkono wa koti langu. Hakuuachia mpaka tulipopita njia panda ya Butiama.

Sasa yuko huko kwenye masta. Mimi Mwigobero naendeleaga kuwachekesha watu, wanasema huyu mzee hana shida duniani. Nikirudi Makoko nasonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, nusu wanakula kuku. Wamenenepa mpaka hawapiti mlangoni.

Jumapili jioni huwa anapiga simu. Juzi akauliza niko na nani. Nikamwambia, mama, hapa hata pa kukaa hakuna, imekuja kwaya nzima kutoka Nyasho, wanataka chai. Na ili asikie watu nilikuwa nimefungulia redio kwa nguvu.

"Wasalimie wote," akasema. "Halafu zima hiyo redio, baba, nikusikie wewe."

Nikazima. Nikatafuta cha kumchekesha, sikukipata. Nyumba ikawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu, namsikia anavyopumua, na yeye ananisikia, mpaka salio lake likaisha.