Shikamoo Niliyoidai Kwenye Grupu

Jamani, aibu hii nimejitafutia mwenyewe. Kwenye grupu la ukoo wetu mie ndiye nakumbusha adabu, na kila mtu namjua kwa jina. Juzi ikaingia namba ngeni, ina picha ya kitoto kinalamba ubuyu. Ikaandika, "Habari zenu." Hakuna shikamoo! Nikarekodi sauti: "Kitoto cha nani wewe? Simu umepewa, adabu hukupewa? Humu kuna bibi zako, waamkie!"

Mara ikajibu sauti ya kizee: "Zuhura, huyo pichani kitukuu changu. Mie mjomba wako Athumani wa Pugu, niliyekubeba mgongoni. Leo ndiyo nimenunuliwa simu. Haya, shikamoo yangu iko wapi?"

Peke yangu sebuleni, nikapiga goti mbele ya simu.