Njagi Anapakuliwa Kama Mzee

Wawira alihesabu mpaka tisa kabla mtoto hajavuta pumzi.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa mchana. Watu wametoka kanisani, wamekula, wameshiba, na Njagi, kitinda mimba wake wa miaka tisa, amelala chali kwenye kochi. Alikuwa akikoroma kama kawaida yake. Nyumba nzima ilikuwa imeuzoea mkoromo ule, na baba yake, Thuranira, hupenda kusema kwamba mwanamume asiyekoroma ni yule ambaye hajala. Basi mkoromo ukakatika. Kifua kikainuka kidogo, kikabaki hapo. Moja, mbili, tatu. Wawira alikuwa akitia lastiki kwenye sketi ya mteja. Sindano ikamtoka mkononi. Alipofika tisa mtoto akashtuka, akameza hewa kwa kishindo, akageukia upande wa pili na kuendelea kukoroma kama hakuna lililotokea.

Hakumwamsha. Alikaa palepale, akimsikiliza. Pumzi ikakatika tena. Safari hii alifika kumi na moja.

Sasa, Wawira si mtu wa kushtuka ovyo. Ni fundi cherehani wa soko la Githongo, na amewashonea watoto wa shule za pale sare kwa miaka kumi na tano. Ukipita mbele ya duka lake anakijua kiuno chako kabla hujamsalimia, na kama umenenepa tangu Krismasi atakwambia, tena mbele za watu. Lakini mwanawe mwenyewe hakuwahi kumzungushia futi. Kila muhula alifungua mshono wa kaptura, akatia kipande cha kitambaa ubavuni, akabadilisha lastiki, akapiga pasi. Kazi safi kabisa. Kwa sababu ya mikono yake hiyo, hakuna muuza nguo aliyewahi kumwambia kwamba saizi ya mtoto huyu haipo. Tusimcheke sana. Wengi wetu tuna jambo nyumbani tunaloliongezea kitambaa kila mwaka ili tusilitazame.

Na kulikuwa na hili la jina. Wawira ni mtu wa Mbeere, kule chini Kiritiri, aliyeolewa huku juu kwenye kahawa. Kwao, na kwa Wameru vilevile, mtoto wa kiume wa pili hupewa jina la babu mzaa mama. Babu huyo, Njagi mkubwa, alikufa mwaka wa njaa, elfu moja mia tisa themanini na nne. Mvua ilikataa, mbuzi wakaisha mmoja mmoja, na mahindi ya manjano ya serikali yakafika akiwa ameshazikwa wiki mbili. Wawira alikuwa na miaka minane. Kwa hiyo siku alipomzaa mvulana wa pili, neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Karibu, Baba." Na tangu siku hiyo hakumwita kitu kingine. Wanawake wengi wa huku huwaita wana wao hivyo, kwa mapenzi na kwa utani. Wawira hakuwa na utani hata kidogo.

Nawe unajua Baba hapakuliwi kama mtoto. Njagi alipakuliwa wa kwanza, kabla ya kaka yake Riungu, ambaye sasa yuko shule ya bweni na huenda huko anakula kwa amani. Sahani yake ilikuwa ile pana ya wageni. Nyama isiyo na mfupa ilikuwa yake, na nyongeza ilikuja bila kuombwa. Nyanya yake, Makandi, mama mkwe wa Wawira, alimwita nyumbani kwake katikati ya saa za chakula ampe maziwa na ndizi mbivu, kwa sababu mgeni wa heshima kama yule haondoki mikono mitupu. Thuranira naye alimwita "mkwe". Hakuwahi kumpa baba wa mkewe hata kikombe cha chai, maana mzee alikufa zamani mno, basi kila jioni alimletea huyu mdogo soda na mandazi mawili, akampa kwa mikono yote miwili huku akicheka. Asubuhi mtoto alipelekwa shule kwa bodaboda. Mzee atembeeje kwenye matope? Hakukuwa na mtu mbaya katika nyumba ile, na hapo ndipo penye shida.

Jumatatu Wawira alifunga duka na kumpeleka Njagi hospitali ya misheni kule Nkubu. Njiani alimshika mkono mpaka mtoto akamwambia, "Mama, unaniumiza."

Mizani ilisema kilo hamsini na nane. Namba hiyo haikumwambia Wawira mengi, maana yeye hapimi watu kwa kilo. Kisha muuguzi akatoa futi ya kitambaa, ya manjano, kama ile inayokaa shingoni mwa Wawira kutoka asubuhi hadi jioni, akamzungushia mtoto tumboni. Kabla muuguzi hajasoma, Wawira alikuwa ameshasoma. Inchi thelathini na tano.  Thuranira, mtu mzima mwenye ndevu, huvaa thelathini na mbili.

"Nani anapika kwenu?" aliuliza Daktari Mbae, mwanamume mpole mwenye miwani, baada ya kumtoboa mtoto kidole, kusikiliza kifua na kumulika koo.

"Mimi."

"Na nani anapakua?"

"Mimi, daktari."

"Anapewa nini katikati?"

Wawira akasema yote, maziwa, ndizi, soda, mandazi, mkate wa siagi wa saa kumi. Alikuwa akijisikia kama mtu anayejishtaki mwenyewe kituoni. Daktari hakumkaripia, na laiti angemkaripia ingekuwa nafuu.

"Sukari yake bado haijavuka, lakini imefika mlangoni," alisema. "Na hiyo kukatika kwa pumzi siipendi. Nitawatuma Meru akaangaliwe koo na usingizi wake. Lakini mama, hii dawa haiko kwangu. Huyu hajipikii, hajipakulii, na soda hajinunulii. Ni nyumba inabadilika, sio mtoto. Tena usimlaze njaa. Mkule wote chakula kimoja, sahani ndogo, maji, na aende shule na miguu."

"Kwetu hakuna mtu amewahi kuwa mnene," alisema Wawira. Ilimtoka tu. "Kwetu watu walikufa na njaa."

Daktari akaivua miwani. "Wengi wanaokuja hapa wananiambia hivyo. Mwalimu mmoja hapa Nkubu alikuwa anachekwa shule juu ya kubeba viazi tamu, sasa watoto wake hawajui viazi tamu, ni chipsi tu. Kuna mama anakaa ploti ya kupanga huko Meru, anafungia watoto wake ndani na televisheni juu ya magari ya barabara. Ukiwauliza, kila mtu kuna kitu anaogopa."

Wawira akatazama chini. Hakumwambia daktari anachoogopa yeye. Alikuwa anaogopa vitu viwili, kimoja kikimvuta huku na kingine kule. Aliogopa hesabu ya pumzi za mtoto isije ikafika kumi na mbili, kumi na tano, ishirini, kisha pumzi isirudi. Na aliogopa kumnyima Baba chakula.

Jioni ile ile aliwakalisha Thuranira na Makandi sebuleni, Njagi akiwa kwa jirani, akawaeleza.  Thuranira akakuna ndevu. Makandi ndiye aliyejibu.

"Mama Riungu," alisema polepole, "mimi sijasoma. Lakini hii nimeelewa. Unataka sisi tunyime baba yako chakula."

Wawira aliivuta futi shingoni, akaishika mikononi.

"Mama, sio kumnyima. Daktari amesema—"

"Daktari hajui huyu ni nani. Wewe unajua. Watu wa kwenu wakikuja hapa wapate mtu wa jina lao amekonda, watasema nini? Watasema alitoka njaa ya Mbeere akakuja kupata ingine hapa kwetu."

"Na mimi," alisema Thuranira, akijaribu kucheka, "mkwe nimpee maji?"

Kisha akamwona mkewe usoni na kicheko kikamkauka. Alikuwa hajawahi kumwona hivyo, midomo imepauka, mikono imeng'ang'ania futi kama mtu aliyeshika kamba ya kisima. Alipumua kwa nguvu, akasema, "Sawa. Soda nitawacha." Makandi hakusema sawa. Alichukua fimbo yake akaenda kwake, na kwa siku nne hakuja kunywa chai.

Wiki ile Wawira aliishi roho mkononi. Asubuhi alimtembeza Njagi hadi shule, mtoto akihema na kusimama kila baada ya hatua hamsini, naye kila akisimama alifikiri ndio mwisho. Alasiri, mtoto akisinzia kochini, alivuta kigoda akaketi karibu naye akihesabu. Dukani alishona mkono wa kushoto wa sweta mahali pa mkono wa kulia, akafumua, akarudia kosa lilelile. Soda iliisha kweli. Mandazi yaliisha. Lakini ilipofika saa ya kupakua mambo yalimshinda. Aliitoa sahani ndogo, akaitazama, akairudisha kabatini. Mkono ukaenda wenyewe kwenye ile pana, na mwiko ukaenda mara tatu, mara nne, kama zamani. Mbele ya daktari alikuwa jasiri, mbele ya sufuria alikuwa mtoto wa miaka minane.

Jumamosi mchana walikuwa wawili tu. Thuranira alikuwa amepeleka kahawa kiwandani. Wawira alipika mukimo wa viazi na mahindi, maharagwe meusi ya njahi na mboga, akapakua, akaketi mbele ya mwanawe na sahani yake mwenyewe ambayo hakuigusa. Njagi alikula. Alikula haraka mwanzoni, kisha polepole, kisha akawa anasogeza mukimo huku na huku kwa kijiko. Nusu ilikuwa bado.

"Nimeshiba," alisema.

Wawira alishanyoosha mkono kwenye sufuria kabla hajajua anafanya nini. Ndivyo mkono wake ulivyofanya kila siku kwa miaka tisa kila aliposikia neno lile, na leo, kwa kuwa alikuwa na hofu na macho yamemtoka, aliuona. Aliuona ukining'inia juu ya meza na mwiko umejaa.

Maana neno lile alilijua. Baba yake alilisema kila jioni ya mwaka ule. Mama yake alikuwa akipika uji mwembamba, mwembamba hata unaona kitako cha bakuli, na mzee akionja kijiko kimoja, kisha analisukuma bakuli kwa watoto. "Nimeshiba. Kuleni." Watoto walikula. Wawira ndiye aliyekula zaidi, kwa kuwa ndiye mdogo na ndiye aliyependwa, na alimwamini. Alimwamini mpaka asubuhi ile mzee aliposhindwa kuinuka kitandani. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, si mumewe, si padri. Alichojua ni kwamba mtu akisema ameshiba, anakufa.

Alipoinua macho, Njagi alikuwa anamtazama. Alimtazama mama, akautazama mwiko, kisha bila kununa, kama mtoto anayerudi kumalizia kazi aliyotumwa, akashika kijiko na kuanza kula tena.

"Ngoja," alisema Wawira. "Si umesema umeshiba?"

"Eeh."

"Sasa unakula ya nini?"

Mtoto akatafuna, akameza kwa shida. Alifikiri kidogo, maana hakuwahi kuulizwa.

"Nikiacha unaogopa," alisema. "Unakuwa na macho ile. Nikimaliza inaisha."

"Tangu lini?"

"Hata nikiwa mdogo wa nasari. Huwa nashiba mapema, Mama. Lakini wewe hujashiba."

Wawira aliitazama ile nusu iliyobaki. Aliona miaka tisa ya sahani, moja baada ya nyingine, na mtoto mdogo nyuma ya kila sahani akimeza kwa ajili yake. Alikuwa ameketi mezani na mtu anayejiua ili yeye asiogope, na hii ilikuwa mara ya pili maishani mwake.

Aliuweka mwiko. Alizunguka meza, akakitoa kijiko vidoleni mwa mwanawe, akivifungua kimoja kimoja, kwa kuwa mtoto alikuwa amekishika sana.

"Acha," alisema. "Umeshiba. Nimekuamini."

"Na macho?"

"Macho yatakuwa hivyo siku nyingi, Njagi. Wewe yaache tu. Hayo ni yangu."

Mtoto akashangaa, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwita kwa jina lake ndani ya nyumba ile. Akateremka kitini, akatoka nje kwenye jua, na Wawira akabaki amesimama mlangoni akisikiliza pumzi zake zikienda mbali.