Viatu Visivyogonga Sakafu

Wilfred Tapsell alitengeneza viatu vya wachezaji wa baleti kwa muda wa miaka arobaini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kwenda kuitazama baleti hata mara moja. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba mwokaji hana haja ya kumfuata mnunuzi nyumbani kwake ili amwangalie akila mkate. Mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwake, karibu na dirisha, katika karakana yetu ya mashariki ya London, na jibu hilo nililisikia mara nyingi hata nikaliamini. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiogopa, na alichoogopa si kuona, bali kusikia.

Watu wengi hudhani kwamba kiatu cha kusimamia ncha za vidole kina mti au chuma ndani yake. Hakina. Ni tabaka za gunia, karatasi na gundi ya unga, zinazopangwa kwa mkono wakati kiatu kimepinduliwa, upande wa ndani ukiwa nje. Kisha hugeuzwa, kikapigwa nyundo hadi ncha ikakaa sawa, kikalala usiku kucha katika tanuri la moto mdogo. Gundi ikizidi, kiatu hugonga sakafu kama mtu abishaye hodi. Kisipokazwa vizuri, hulegea kabla ngoma haijafika katikati. Kila fundi ana chapa yake aikandamizayo kwenye soli. Chapa ya Wilfred ilikuwa nanga. Yangu ilikuwa ufunguo. Mchezaji akishampata fundi wake hambadilishi, kama mtu asivyombadilisha kinyozi akijuaye kichwa chake.

Kwa miaka kumi na tisa Wilfred alikuwa fundi wa mchezaji mmoja mashuhuri, Rosalind Averne. Hawakuwahi kuonana. Walizungumza kwa vikaratasi vya oda tu. Bwana Nanga, aliandika bibi yule, shusha ukingo kwa upana wa uzi. Bwana Nanga, safari hii kisigino kimenikaba. Mwaka mmoja aliandika kwamba amevunjika kidole kidogo cha mguu, na Wilfred, bila kuombwa, akamwachia ndani ya kila kiatu kijinafasi kisichozidi punje ya shayiri. Kikaratasi kilichofuata kilikuwa na maneno manne: Bwana Nanga, Mungu akubariki. Wilfred alikibandika ukutani juu ya meza yake, na hakikubanduka hapo hadi kikawa rangi ya chai.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1983 kifundo cha mkono wake wa kulia kilianza kuvimba. Daktari alimshauri apumzike. Edna, mkewe, alimwambia neno lilo hilo, bila upole wa daktari. Msimamizi wetu akaanza kuigawa kazi ya Bibi Averne: nusu kwa Wilfred, nusu kwa Doreen Pocock, mama wa makamo ambaye Wilfred mwenyewe alikuwa amemfundisha kwa miaka saba. Chapa ya Doreen ilikuwa jani. Wilfred hakugomba wala hakununa. Ila tangu siku ile hakunywa tena chai ya saa nne kwenye meza ya Doreen; aliileta kwangu, na karakana nzima ikafahamu.

Mwezi wa Aprili ikatangazwa kwamba Bibi Averne anastaafu, na kwamba litafanyika tamasha kubwa la kumuaga. Alituagiza jozi nane: nne za nanga, nne za jani. Pamoja na oda hiyo zikaja tiketi mbili za Bwana Nanga, na ombi kwamba baada ya pazia kufungwa apite nyuma ya jukwaa, ili waonane walau mara moja. Edna alikataa kwenda. Alisema kwamba mahali pekee anapoweza kukaa saa tatu kwenye kiti kigumu ni kanisani, na huko angalau watu huimba. Basi nikaenda mimi.

Ijumaa, tulipokuwa tukivua aproni, Doreen alimpigia Wilfred kelele kutoka upande wa tanuri. "Mwalimu, ukifika huko usitazame miguu tu. Wana mikono pia."

Wilfred alimpungia kofia yake.

Jumapili jioni tulipanda basi, tukakaa ghorofa ya juu, mbele kabisa, yeye na suti yake ya mazishi, mimi na tai ya kuazima. Tulipovuka mto ndipo aliponiambia kilichokuwa moyoni.

"Horace, akivaa vyangu kwenye ngoma ya mwisho, mkono huu nitaufunga kitambaa niendelee. Akivaa vya Doreen, kesho nafungasha."

"Na utajuaje? Sisi tutakuwa kule juu na njiwa."

"Mkono ndio unaoniuma," alisema. "Masikio ni mazima."

Viti vyetu vilikuwa karibu na dari kweli. Taa zilipofifia, wapiga fidla wakaanza taratibu, na pazia likafunguka mbele ya wasichana kumi na sita waliovaa nyeupe, wakiwa wameinamisha vichwa kana kwamba wanasali. Naungama kwamba nilishikwa na soni kidogo. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimeitengenezea miguu ile viatu, nikiijua kwa namba na kwa upana, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba juu yake kuna nyuso, tena changa namna ile, zenye jasho juu ya mdomo. Waliponyanyuka wote kwa pamoja, nilisahau kupumua.

Wilfred alikuwa amefumba macho.

"Perrin," alininong'oneza, akimtaja fundi mwenzetu wa meza ya nyuma. "Wa tatu kutoka kushoto. Gundi imezidi."

Tamasha lilikuwa la vipande vipande, kila kipande kutoka ngoma nyingine. Alikuja kijana aliyeruka hata ukadhani amesahau kushuka. Wakaja wawili waliocheza ugomvi wa wapenzi, na watu wakacheka bila neno hata moja kusemwa. Wilfred hakuona lolote kati ya hayo. Aliinamisha sikio, akataja mafundi mmoja baada ya mwingine, mpaka mama mmoja aliyekaa mbele yetu na skafu ya manyoya akageuka.

"Babu, kama umechoka kutazama, tuache sisi tutazame."

"Samahani, mama," alisema Wilfred kwa adabu. "Mimi niko kazini."

Wakati wa mapumziko nilinunua vikopo viwili vya aiskrimu na vijiko vyake vya mti. Changu nilikimaliza. Chake kiliyeyuka mkononi mwake.

Ngoma ya mwisho ilikuwa ya Bibi Averne peke yake, pamoja na fidla moja na kinubi. Alikuwa mdogo kuliko mguu wake ulivyotufanya tudhani, na hakuwa msichana tena; hilo lilionekana hata kutoka kule juu. Alivuka jukwaa kutoka pembe hadi pembe juu ya ncha za vidole, kwa hatua ndogondogo zisizohesabika, kama ushanga unaomwagika polepole. Ukumbi wote ulinyamaza. Nilisikia upinde ukigusa uzi wa fidla. Nilisikia mtu akikohoa mbali, upande wa chini. Miguu yake sikuisikia kabisa.

Wilfred alinishika mkono wa koti.

"Ni vyangu," alisema. "Horace, ni vyangu hivyo."

Akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza jioni ile akamtazama mchezaji: mabega, shingo, na mikono iliyokuwa ikiaga kitu ambacho sisi hatukukiona. Alitazama hadi mwisho bila kupepesa. Maua yalipoanza kurushwa, alipiga makofi kwa mkono ule mbovu, na sidhani kama aliusikia ukimuuma.

Nyuma ya jukwaa kulinuka jasho na ulimbo ambao wachezaji hupaka viatuni wasiteleze. Tulimkuta Bibi Averne amekaa, miguu yake ndani ya beseni la maji baridi. Alimtambua kabla hajatajiwa jina, pengine kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Bwana Nanga," alisema, akamshika mikono yote miwili.

Viatu vilikuwa sakafuni kando ya beseni, kimoja kimelala ubavu, soli yake imetuelekea. Chapa yake ilikuwa jani. Mimi niliona kwanza, nikasogea ili nikizibe, lakini nilikuwa nimechelewa. Wilfred aliinama, akakiokota, akakigeuza, akaibonyeza ncha yake kwa kidole gumba kama afanyavyo karakanani.

"Vyako nilivivaa mazoezini," alisema Bibi Averne. "Miaka kumi na tisa hukunidanganya, nami sitakudanganya leo. Vilikuwa kimya kama siku zote, lakini vililegea kabla sijafika mwisho. Usiku wa leo niliogopa."

"Ulifanya vyema kuogopa," Wilfred alijibu. "Kinachokaza gundi ni nyundo, na mkono wangu haupigi tena." Kisha akauliza, kwa sauti ya fundi na si ya mgeni, kama ile nafasi ya punje ya shayiri ilikuwepo pale kwenye kidole kidogo.

"Ipo. Bibi Jani hakuisahau."

"Hakuisahau," alirudia Wilfred, akakirudisha kiatu chini taratibu, pembeni ya mwenzake.

Basi lilipoufikia mto, alinigeukia.

"Ulisikia nilichosema kule juu?"

Nilimwambia kwamba kwa makofi yale yote sikusikia kitu.

"Wakati ule hakuna aliyekuwa akipiga makofi, Horace," alisema, akageukia dirisha.

Jumatatu alifika kabla yetu sote. Nilimkuta akitia ndani ya begi shazia yake ya kushonea soli, koleo, na aproni iliyokauka kwa gundi hata ikasimama yenyewe. Kile kikaratasi cha ukutani alikikunja akakiweka ndani ya kofia. Ilipofika saa nne akachukua kikombe chake cha chai, akaipita meza yangu, akaenda kusimama kwenye meza ya Doreen.

"Alivaa vyako," alimwambia.

Doreen aliinamisha macho. "Pole, Mwalimu."

"Ngoja, sijamaliza. Nilikaa pale nimefumba macho, na masikio yangu haya. Nikamwambia Horace kwamba ni vyangu. Muulize."

Nyundo zilikuwa zimenyamaza karakana nzima. Doreen alinitazama, nami nikatikisa kichwa kukubali. Alijifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Na mikono je?" aliuliza hatimaye. "Uliitazama?"

"Niliitazama," alisema Wilfred. "Ana mikono mizuri mno."

Doreen akasogeza kalibu zake za viatu upande mmoja, na Wilfred akaketi hapo, akanywa chai yake.