Matabibu Wawili wa Chumba cha Kufulia

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: bosi wetu simpendi. Shemeji yangu nampenda, lakini zipo siku natamani kumfungia ndani ya mashine ya kukaushia nguo niondoke zangu.

Shemeji ni dada mkubwa wa mke wangu. Kazini hakuna anayemwita kwa jina. Anaitwa Mvuke, kwa sababu kutwa nzima anasimama mbele ya pasi kubwa ya rola, anailisha mashuka mabichi, na mvuke unampanda mpaka kwenye nywele. Ni chumba cha kufulia cha hoteli, chini kabisa ya jengo, hakina dirisha hata moja. Juu wageni wanalala, chini sisi tunahangaika na madoa yao. Mimi nakunja taulo. Yupo fundi wa mashine, pande la mtu, mpole, anayeongea na mashine zaidi ya anavyoongea na watu. Na yupo bosi, msimamizi wetu, mwenye kiofisi cha vioo pale pembeni, anakokaa akitukodolea macho kutwa.

Nyumbani kwa Mvuke hakuna pa kuvutia pumzi. Anaamka kabla ya wote, anamgeuza mama mkwe kitandani, anampa dawa, anapika, anafua. Mumewe ni mtu wa kukaa kwenye kochi na kuuliza chumvi iko wapi. Jioni akirudi, ni yale yale. Siku nzima alikuwa na nusu saa tu ya kwake, ile ya chakula cha mchana. Na nusu saa hiyo aliitumia kuua mazimwi.

Ulikuwa mchezo wa kwenye simu, tukicheza pamoja yeye, mimi na fundi, tumekaa kwenye benchi nyuma ya mapipa ya sabuni. Kabla hujaingia, mchezo unakuuliza unataka kazi gani. Kuna mbeba ngao, ambaye kazi yake ni kupigwa kwa niaba ya wenzake. Kuna mtu wa upanga, mchawi wa moto, mpiga upinde, na tabibu, ambaye hapigani, anatibu tu na kuwainua walioanguka. Ukishachagua umechagua. Ukitaka kubadili, unamfuta mtu wako na kila alichonacho, unaanza moja. Fundi alichukua ngao, na kwa lile umbo angechukua nini kingine? Mimi nilichukua upanga kwa sababu unang'aa. Mvuke alisoma maelezo yote, mchana mzima ukaisha bila kucheza, kisha akachagua upinde.

"Kwa nini upinde, shemeji?" nikamuuliza.

"Kwa sababu mpiga upinde anakaa mbali na watu."

Aliulea ule upinde miaka miwili. Wachezaji tusiowajua walikuwa wanamwandikia kumsifu. Na alikuwa anacheka! Kicheko cha sauti, ambacho mke wangu alisema hajakisikia kwa dada yake tangu wakiwa wasichana. Kicheko hicho ndicho kilichotuponza. Bosi alikisikia huko kwenye vioo vyake akatoka. Yule mtu hawezi kuvumilia furaha ambayo hakuitolea yeye ruhusa.

"Naona kundi lina nafasi ya mtu wa nne," alisema, ameshatoa simu. "Niingizeni."

Nani angemkatalia? Akafungua ukurasa wa kuchagua kazi, sisi tumemzunguka. Nilikuwa na hakika atachukua upanga, mkubwa kuliko wangu. Akapitisha kidole kwenye upanga, akapita, akapita moto, akafika kwa tabibu akasimama.

"Huyu asipotaka kutibu, inakuwaje?"

"Mtu anakufa, bosi," fundi akajibu.

"Yaani mpaka atake yeye?"

"Mpaka atake yeye."

Akabonyeza. Fundi, na moyo wake wa kitoto, akaninong'oneza kwamba angalau bosi amechagua kuhudumia watu. Mvuke akamwangalia fundi kama anavyoangalia doa la wino kwenye shuka jeupe.

Bosi alicheza ofisini saa za kazi, sisi tukitoka jasho, kwa hiyo haikuchukua muda kufikia kiwango chetu, na mchana akawa anakuja kucheza nasi kwenye benchi. Wakati huo tulikuwa tumegonga ngome ambayo bila tabibu hupiti. Hapo ndipo utamu ulipoingia shubiri. Zimwi likinishika, damu yangu ikishuka, napiga kelele, "Bosi, dawa!"

"Sikusikii."

"Bosi, naomba dawa!"

"Naomba, halafu nini?"

"Tafadhali, bosi!"

Ndipo ananitibu, huku anacheka peke yake. Tulidhani ni utani. Kisha akaongeza lingine. Zimwi limenibana ukutani, yeye anauliza taratibu, "Kuna mkutano huko juu, mashuka ni mengi. Nani atabaki jioni?" Mimi nikapayuka, "Mimi, bosi!" Nikapona papo hapo. Na kweli nilibaki, bila malipo, mke wangu akaninunia juma zima. Msinicheke. Ungekuwa wewe umefika kwenye ile ngome, ungebaki pia.

Mvuke hakuomba. Hakuomba hata siku moja. Alikufa kila mchana. Mpiga upinde wake analala chali kwenye majani, yeye ameshika simu anatutazama tukipigana mpaka muda unaisha, kisha anarudi kwenye rola. Kicheko kikakauka.

"Neno moja tu, Mvuke," bosi akamwambia. "Kiburi hicho kitakuzeesha."

"Nimeshazeeka, bosi. Endelea na chako."

Nilimfuata kwenye pasi, nikamwambia, shemeji, omba tu, ni mchezo.

"Mchezo kwako wewe," akanijia juu. "Mimi nyumbani naamriwa, kwenye hii pasi naamriwa. Nusu saa yangu nayo niipigie magoti? Na wewe ulivyo hodari wa kujikomba, nitamwambia mdogo wangu ameolewa na nani."

Siku moja hakuingia vitani. Alikaa pembeni, kidole chake cha shahada kimefungwa bandeji kwa moto wa pasi, akabonyeza kwa gumba. Nikachungulia. Simu ilikuwa inamuuliza kama ana hakika anataka kumfuta mpiga upinde. Akabonyeza ndiyo. Ikamuuliza tena, kwa sababu hata mashine iliona huu ni wazimu. Akabonyeza tena. Miaka miwili ikapotea mbele ya macho yangu, na ukurasa wa kuchagua kazi ukafunguka upya. Akaenda moja kwa moja kwa tabibu.

"Umerukwa na akili?" nikamuuliza. "Kutwa unahudumia watu, mpaka hapa?"

Alikuwa analia, tena si kidogo. Alilia kama mtu aliyefiwa, akajifuta kwa taulo niliyokuwa nimeshaikunja, ikabidi niirudishe kwenye mashine.

Kwa majuma kadhaa hatukumwona kwenye kundi. Alicheza sufuria ikichemka, alicheza kwenye foleni ya dukani, alicheza mama mkwe akisinzia, anampigania yule tabibu mnyonge mpaka akakua. Kisha mchana mmoja akaketi kwenye benchi akasema, "Haya, twendeni."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Zimwi lilinipiga, na kabla sijafungua mdomo nimeshapona. Fundi akipigwa, amepona. Mvuke alikuwa anakimbia katikati yetu, pale pale penye moto, yeye aliyependa kukaa mbali. Bosi akauliza, "Nani atabaki jioni?" Hakuna aliyejibu. Akauliza tena kwa ukali. Fundi akasema, "Jioni nina shughuli, bosi." Nilitaka kumbusu lile shavu lake la mafuta ya mashine.

Bosi akaacha kabisa kutibu ili tumsihi. Hatukumkumbuka. Halafu zimwi likamgeukia yeye, na fundi, mbeba ngao wetu, siku hiyo akasahau kwamba bosi naye anahitaji kukingwa. Bosi akaanguka chali. Nilifurahi, sifichi. Moyoni nilikuwa nasema mwache, shemeji, mwache aoze hapo hapo.

Mvuke akakimbia akamwinua. Bosi akaanguka tena, akamwinua tena. Kila akianguka, Mvuke amefika, kabla hata hajaitwa, na dawa kamili, hakumpunja hata tone.

"Usinitibu," bosi akasema.

"Ndiyo kazi yangu, bosi."

"Nimesema usinitibu!"

Sauti ilipiga kuta zote nne. Uso wake ulikuwa umeiva. Mvuke akamwinua kwa mara nyingine, akamwambia kwa sauti ile ile anayotumia kumgeuza mama mkwe kitandani, "Pole, bosi. Utapona tu."

Bosi akaingia kwenye vioo vyake akabamiza mlango.

Kesho yake tukakuta tangazo: simu marufuku chumbani, hata wakati wa chakula, zote ziachwe kwenye kabati la mlangoni. Nikapandwa na hasira kuliko siku zote. Nilimwambia Mvuke mbele ya fundi kwamba ametuharibia. Kwamba sasa hana upinde, hana tabibu, hana nusu saa, na sisi kadhalika, na yote kwa sababu ya neno moja lililomshinda kutamka. Fundi hakumtetea. Hata salamu aliacha kumpa.

"Nusu saa ninayo," Mvuke akasema, anafungua bakuli lake la chakula. "Haina mchezo, lakini na bosi hayumo."

Basi tukawa tunakula tumenuniana, watu watatu kwenye benchi moja.

Mchana mmoja wa juma lililofuata niliamua kupeleka taulo stoo, na njia inapita kwenye vile vioo. Bosi alikuwa ameinamia simu yake. Anacheza. Nikasimama. Tabibu wake alikuwa peke yake porini, anapigana na nguruwe mwitu, mnyama wa wanaoanza, ambaye upanga wangu humkata kwa pigo moja. Lakini tabibu hana pigo. Nguruwe anamng'ata, bosi anajitibu. Nguruwe anamng'ata, bosi anajitibu. Fimbo yake haimpunguzii mnyama kitu. Na hakuna mtu aliyekuwa anamwomba chochote.

Nikamkonyeza Mvuke. Akaja anajifuta mikono, akasimama kando yangu, akatazama. Nilimsubiri acheke, na mimi nilishajiandaa kucheka naye. Hakucheka. Alisimama tu mpaka bosi akainua kichwa akatuona.

Bosi akailaza simu kifudifudi mezani, akajifanya anatafuta kalamu. Tukasikia nguruwe akiendelea kuuma, halafu ule muziki mfupi unaopigwa mtu akifa. Hapakuwa na wa kumwinua. Mvuke akaangalia saa ya ukutani, akaona muda wake bado upo, akarudi kwenye benchi kumalizia chakula.