Mama Amenizuilia Radhi kwa Ajili ya Kanzu ya Mjomba

*Aliyetuandikia anaishi Mji wa Kale, Mombasa. Jina lake tunalijua sisi, na litabaki kwetu.*

Assalamu aleikum. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na minane, fundi wa kanzu, nina mke na watoto. Kazi nimerithi kwa baba, na wanaojua kanzu wanaujua mkono wangu. Wiki ijayo nasafiri kwenda Maskati, huko Omani, kushona. Mkataba nimeusoma mstari kwa mstari, kwa hivyo msinihubirie habari za mawakala.

Mnasema sisi tunaokwenda nje tuna tamaa. Uongo. Mteja akija kwangu hunivunja bei mpaka nione haya mimi, kisha huvuka barabara akanunue kanzu ya Omani bila kuuliza mara mbili. Sikuikimbia nchi. Wateja wangu ndio waliotangulia, nami nawafuata.

Kwetu msafiri hatoki bila kuwaaga wazee na kuwaomba radhi. Nilizunguka nyumba zote, mwisho nikafika kwa mama. Nilimkuta na mjomba, kaka yake, mstaafu wa serikali anayekaa Kizingo, na majirani wawili wakinywa kahawa.

"Mafundi wote mkihama, mji mnamwachia nani?" akasema mjomba. "Mtu mzima waenda kuwa mtumwa wa watu. Kaa ujenge kwenu."

Nikamuuliza, "Mjomba, hiyo kanzu uliyovaa imeshonwa wapi?"

Akainamia kikombe chake cha kahawa. Jirani mmoja akacheka: "Mjibu, bwana mkubwa, au tukusomee lebo ya shingoni?"

"Omani," akasema. "Nililetewa zawadi."

"Na za Idi zote? Tangu baba afariki hujanipa hata kifungo nikutilie."

Mjomba aliinuka akatoka, kahawa kaiacha kikombeni. Mama akanigeukia: "Umemvua nguo ndugu yangu mbele za watu, ndani ya nyumba yangu. Nenda kamwombe radhi. Usipokwenda, na yangu huipati."

"Nimwombe radhi kwa kusema kweli, mama?"

"Kweli ina pahali pake, mwanangu. Hukupaona?"

Hapo ndipo nilipokwama, na hapo ndipo ninapowaka. Adabu gani hii inayomtaka fundi anyamaze na njaa yake ili mnunuzi asione haya? Wanaotuambia tujenge kwetu ndio waliokataa kazi ya mikono yetu, kisha tukifunga mizigo wanatuita watumwa. Nikimpigia magoti mjomba, nitakuwa nimekubali kwamba mkosa ni mimi.

Lakini mama ana miaka themanini. Kila asubuhi nikienda kumwamkia, anaitikia, kisha anageuza uso. Naondoka kwa miaka miwili, na kama nitamkuta, Mungu ndiye ajuaye.

Ndugu zangu, nipeni shauri: nikamwangukie mjomba kwa kosa nisiloliona, au nipande ndege bila radhi ya mama? Wa kuniambia nisisafiri asijisumbue. Hilo sikuwauliza.